Nani Aruhusiwe Kushika Kisu?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku tunapolazwa mezani na kuchomwa sindano ya nusu kaputi. Nalo ni hili: upasuaji ni kitu gani, na ni nani anayeruhusiwa na sheria kuufanya?

Huenda mtu akasema hilo ni swali jepesi. Upasuaji ni kumkata mtu kwa kisu ili apone, na anayeruhusiwa ni daktari. Basi, tumemaliza. Lakini hebu tuulizane kidogo. Yule anayemtoboa mtoto masikio, anafanya upasuaji? Na ngariba anayetahiri vijana? Na muuguzi anayetumbua jipu? Na mzee anayepiga chuku na kuchanja chale? Wote hao wanaugusa mwili wa mwenzao kwa chombo chenye makali, na damu inatoka. Sheria ikisema kuwa wote ni wapasuaji na wanahitaji leseni ya udaktari, itabidi nusu ya mtaa ipelekwe mahakamani. Ikisema kuwa hakuna hata mmoja aliye mpasuaji, basi mtu yeyote mwenye wembe atafungua kibanda na kuanza kukata watu.

Swali hili si geni. Watunga sheria wamehangaika nalo kwa miaka zaidi ya 500, na historia yake ina mafunzo kwetu sisi tunaotibiwa.

Tuanze na kinyozi. Mjini siku hizi zipo saluni za kiume zilizoweka mlangoni mlingoti mfupi wa taa, wenye mistari myekundu na myeupe inayozunguka. Wengi wetu tunadhani ni pambo. Kumbe ni alama ya zamani sana kutoka Ulaya, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wekundu ni damu, na weupe ni kitambaa cha kufungia kidonda. Maana kinyozi wa Ulaya wa enzi hizo hakunyoa tu. Alitoa watu damu, aling'oa meno, alitumbua majipu na, ilipolazimu, alikata mguu uliooza.

Kwa nini kazi hiyo ilimwangukia kinyozi? Sababu mojawapo ni kwamba wasomi waliikwepa. Mwaka 1215 Kanisa Katoliki lilifanya mkutano mkuu wa Lateran, huko Roma, na mkutano huo ukawakataza mapadri na mashemasi kufanya upasuaji wa kukata au kuchoma kwa moto. Nyakati hizo wasomi wengi walikuwa watu wa kanisa. Nao madaktari waliotoka vyuo vikuu waliona heshima yao ni kusoma vitabu, kutazama mkojo kwenye chupa na kuandika dawa. Kulowa damu mikononi waliona ni kazi ya fundi. Basi kisu kikabaki kwa mtu ambaye tayari alikuwa na wembe mkali na mkono uliouzoea.

Sasa twende Uingereza, kwa sababu sheria za huko ndizo zilizokuja kutuangukia sisi baadaye. Mwaka 1511, enzi za Mfalme Henry VIII, Bunge lilipitisha sheria ya vibali kwa madaktari na wapasuaji. Sheria hiyo ililalamika kwamba watu wasio na elimu, wakiwamo wahunzi, wafumaji na wanawake, wamejitwalia kazi ya tiba na wanaumiza watu. Ikaagiza kwamba katika mji wa London na maili saba kuuzunguka, mtu yeyote asitibu wala kupasua mpaka amehojiwa na kukubaliwa na Askofu wa London au Mkuu wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, wakisaidiwa na watu wenye ujuzi wa kazi yenyewe. Faini ilikuwa paundi 5 kwa kila mwezi wa kufanya kazi bila kibali, na hizo zilikuwa fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Angalieni jambo hilo. Kanisa lililowakataza watumishi wake kushika kisu, ndilo lililopewa kazi ya kuamua nani akishike. Na katika sheria nzima haikuelezwa upasuaji ni nini. Ilidhaniwa kwamba kila mtu anajua.

Baada ya miaka 29 ikaonekana kwamba kila mtu hajui. Katika London vilikuwapo vyama viwili, cha vinyozi na cha wapasuaji, na kila kimoja kilikuwa kikidai kazi ya mwenzake. Mwaka 1540 Bunge likaviunganisha vikawa chama kimoja, lakini likachora mstari katikati. Kinyozi asifanye upasuaji wa aina yoyote, isipokuwa kung'oa meno. Mpasuaji naye asinyoe. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa ya afya: kwamba haifai mtu anayewahudumia wenye tauni na magonjwa mengine ya kuambukiza ageuke na kuwaosha na kuwanyoa watu wazima wa afya. Chama hicho kikapewa pia maiti nne kila mwaka za watu walionyongwa kwa makosa yao, ili wanachama wachunguze jinsi mwili ulivyo ndani. Mchoraji mashuhuri Hans Holbein alichora picha ya mfalme akiwakabidhi viongozi wa chama hati yao, nao wamepiga magoti.

Hivyo ndivyo upasuaji ulivyotambuliwa na sheria mara hiyo: kwa kuutenga na unyoaji. Jino likabaki mpakani, kila upande unaweza kulivuta.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Wapasuaji wa London walipoipata sheria ya kuwalinda, walianza kuitumia. Wakawashitaki watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wakiwatibu majirani zao vidonda na majipu kwa mitishamba, wengi wao bila kutoza chochote. Malalamiko yakafika juu. Mwaka 1543, miaka mitatu tu baada ya sheria ya vinyozi, Bunge lilelile la mfalme yuleyule likapitisha sheria nyingine iliyowashutumu wapasuaji hao kuwa wanajali faida yao kuliko mgonjwa. Ikaruhusu kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi wa majani na mizizi anaweza kutibu kwa dawa zake vidonda na uvimbe wa nje ya mwili, wala asisumbuliwe. Madaktari waliichukia sheria hiyo, na baadaye ikabandikwa jina la hati ya matapeli.

Ndugu wasikilizaji, nimeisimulia miaka hiyo kwa kirefu kwa sababu ndani yake imo mizani ambayo haijatulia mpaka leo. Upande mmoja kuna hatari ya mjinga mwenye kisu. Upande wa pili kuna hatari ya chama cha mafundi kinachofunga mlango, halafu nyuma ya mlango huo mgonjwa maskini anakufa kwa jipu ambalo jirani yake angeweza kulitibu. Sheria ya 1540 iliogopa hatari ya kwanza. Sheria ya 1543 iliogopa ya pili. Zote mbili zilikuwa na haki.

Ndoa ya vinyozi na wapasuaji ilivunjika mwaka 1745, wapasuaji wakaenda zao, na mwaka 1800 wakapata chuo chao cha kifalme London. Mpaka leo huko Uingereza daktari bingwa wa upasuaji huitwa Bwana au Bibi Fulani, wala haitwi Daktari. Ni kumbukumbu ya siku ambazo mpasuaji hakuwa na shahada ya chuo kikuu, alikuwa fundi aliyefunzwa na fundi.

Kisha mambo mawili yakabadilisha kazi yenyewe. Oktoba 16, 1846, katika hospitali moja ya Boston, Marekani, mgonjwa alivutishwa hewa ya etha akalala, akapasuliwa uvimbe wa shingoni mbele ya madaktari. Na mwaka 1867 Joseph Lister wa Glasgow alitangaza njia yake ya kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa. Kabla ya hapo mpasuaji alikimbizana na maumivu ya mgonjwa, na tumbo lilifunguliwa kwa nadra sana. Baada ya hapo hakuna sehemu ya mwili iliyobaki mwiko. Kazi ya fundi ikawa kazi ya heshima kubwa, na kila mmoja akataka kuingia.

Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 1858, Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Tiba. Iliunda baraza la kusimamia mafunzo ya madaktari na kuweka daftari la majina yao. Lakini sheria hiyo nayo haikusema upasuaji ni nini, wala haikumkataza asiyeandikishwa kutibu watu. Ilichokataza ni kudanganya kwamba umeandikishwa. Yaani ilimwambia mwananchi: hili hapa daftari, ukitaka kwenda kwa mwingine ni shauri lako. Mwaka 1886 ikaongezwa kwamba anayetaka jina lake liingie daftarini sharti afaulu mitihani yote mitatu, ya dawa, ya upasuaji na ya ukunga. Tangu hapo daktari na mpasuaji wakawa, kwa sheria, mtu mmoja.

Fikra hiyo ya daftari ndiyo iliyopanda meli kuja Afrika Mashariki. Lakini kabla haijafika, kuna kisa kimoja kilichotokea jirani zetu Uganda, ambacho kila mpenda historia anapaswa kukijua.

Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alikuwa akisafiri katika nchi ya Bunyoro. Mahali panapoitwa Kahura aliona mama kijana, mimba yake ya kwanza, akizalishwa kwa kupasuliwa tumbo. Mama alileweshwa kiasi kwa pombe ya ndizi. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaliosha nayo tumbo la mama, kisha akaosha kwa maji. Alikata, mtoto akatolewa, na msaidizi akawa anazima damu kwa kuigusa mishipa na chuma cha moto. Kidonda kilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa, ikazungushiwa kamba, na juu yake ikapakwa dawa ya mizizi. Felkin alimfuatilia mama huyo siku hadi siku, na kufikia siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mama na mtoto walikuwa hai. Felkin aliyaandika hayo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884, pamoja na michoro.

Kumbukeni kwamba miaka hiyo hata katika hospitali kubwa za Ulaya, mama aliyepasuliwa namna hiyo aghalabu alikufa. Sasa tujiulize: yule bwana wa Bunyoro, alikuwa mpasuaji au hakuwa? Kwa kazi ya mikono yake, alikuwa. Alikuwa na wasaidizi, alikuwa na mpango, alijua la kufanya kabla na baada. Kwa daftari la London asingeandikwa hata kwa penseli.

Wakoloni walipotunga sheria zao za udaktari huku kwetu, walilijua tatizo hilo. Katika sheria ya madaktari ya Tanganyika, Sura ya 409, ambayo nchi iliirithi baada ya uhuru, kiliwekwa kifungu cha kuwaacha waganga wa jadi. Kilisema kwamba hakuna kitakachowazuia watu wanaotambuliwa na jamii yao kuwa wamefunzwa tiba ya asili. Lakini kikaweka mipaka miwili: mganga atibu katika jamii yake tu, na asifanye tendo lolote lililo la hatari kwa maisha. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Bila kulitaja neno upasuaji, yalichora mstari mahali pa hatari badala ya mahali pa kisu. Ngariba na mpiga chuku wakabaki upande mmoja, na mtu kama yule bwana wa Bunyoro akaachwa upande wa pili.

Kwa Waafrika waliosoma udaktari wa kizungu, mlango ulifunguliwa polepole mno. Makerere ilianza kufundisha tiba katika miaka ya 1920. Wahitimu wake walifanya kazi za udaktari, wakiwamo waliopasua, lakini kwa miaka mingi waliajiriwa kama wasaidizi, chini ya daktari wa Kizungu. Baraza la madaktari la Uingereza lilikuja kuitambua stashahada yao mwaka 1957. Mikono ilikuwa ileile na kisu kilekile. Kilichokosekana ni jina.

Uhuru ulipokuja, swali likageuka. Serikali zetu wenyewe zikajikuta na wananchi mamilioni vijijini na madaktari wachache mjini. Mama wa Kigoma akipata uchungu pingamizi usiku wa manane, sheria inayosema apasuliwe na daktari mwenye shahada peke yake inamsaidia nini, ikiwa daktari huyo yuko Dar es Salaam? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tanzania iliamua kuanzia mwaka 1963 kufundisha madaktari wasaidizi. Hawa walikuwa matabibu wenye uzoefu wa kazi, wakarudishwa chuoni miaka miwili zaidi, na katika muda huo wakapewa miezi ya mafunzo ya upasuaji na ya uzazi. Wakarudi wilayani na ruhusa ya kupasua. Msumbiji, ilipokuwa katika vita, ilianza mwaka 1984 kufundisha mafundi wa upasuaji kwa sababu hiyohiyo. Kenya ilitunga mwaka 1988 sheria ya maofisa wa kliniki, ambayo ilibadilishwa kwa mpya mwaka 2017, na baadhi ya maofisa hao wamefunzwa hata kutoa mtoto wa jicho.

Wapo madaktari walionung'unika, wakisema watu wa vijijini wanapewa huduma ya daraja la pili. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, maana maisha ya mtu si uwanja wa majaribio. Ndiyo maana ilibidi ipimwe. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Ulionyesha kwamba zaidi ya operesheni nane katika kila kumi kubwa za uzazi zilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa maana na yale ya madaktari wenye shahada. Ina maana kama sheria ingeshikilia jina, sehemu kubwa ya akina mama hao wasingepata mtu wa kuwapasua.

Msidhani kwamba ugomvi huu ni wa nchi maskini peke yake. Huko Marekani leseni za tiba hutolewa na kila jimbo, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilithibitisha mamlaka hayo mwaka 1889 katika kesi ya Dent na jimbo la West Virginia. Karne nzima mambo yalikwenda, mpaka ikaja leza. Leza ni mwali wa mwanga wenye nguvu. Hauna makali, na mara nyingi hautoi damu. Lakini unaunguza, unatoboa na kuondoa nyama ya mwili, hata ndani ya jicho.

Wataalamu wa kupima macho, ambao si madaktari kwa shahada, wakasema: hatushiki kisu, basi tunaweza kutumia leza kwa baadhi ya magonjwa, na tuko karibu na watu wa mashambani kuliko mabingwa. Jimbo la Oklahoma likawakubalia mwaka 1998, Kentucky mwaka 2011, Louisiana mwaka 2014. Madaktari wa macho walipinga vikali. Mwaka 2007 chuo cha wapasuaji wa Marekani kilitoa tafsiri yake: kwamba upasuaji ni kubadili umbo la mwili kwa kukata au kuharibu nyama zake, iwe kwa kisu, kwa sindano, kwa leza, kwa mawimbi ya sauti au kwa mionzi. Kwa tafsiri hiyo kisu si sharti tena. Kinachotazamwa ni kile kinachoupata mwili.

Kwa maoni yangu, tafsiri hiyo ya chombo na mwili ni nzuri, lakini ni nusu ya kazi. Inatuambia upasuaji ni nini. Haituambii nani aufanye. Mwenye kutunga tafsiri hiyo ni mpasuaji, naye pia anavuta ngozi ya ngoma. Mpima macho anayeipinga naye anavuta. Mgonjwa ndiye ngoma yenyewe.

Nionavyo mimi, sheria nzuri ya leseni inapaswa kuuliza maswali manne, kwa mpangilio huu. Tendo lenyewe linafanya nini mwilini? Likiharibika, madhara yake ni yapi, na je, yanarekebishika? Huyu anayelifanya amefunzwa na kupimwa kwa tendo hilohilo, au anategemea cheo tu? Na akikosea, yuko wapi wa kumwajibisha? Daktari msaidizi wa wilayani aliyefunzwa kumpasua mama mjamzito anaweza kuyajibu yote manne. Daktari mwenye shahada tatu ambaye hajawahi kushika kisu tangu atoke chuoni hawezi kujibu la tatu. Na yule anayefungua chumba cha uchochoroni, akatahiri watoto na kutoa mimba kwa vyombo visivyochemshwa, hawezi kujibu hata moja.

Sisi wananchi nasi tuna wajibu. Tumezoea kuona koti jeupe tukanyamaza. Kabla hujatia sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya kukubali operesheni, muulize anayekupasua: wewe ni nani, umefanya hii mara ngapi, na mambo yakiharibika nitapelekwa wapi? Anayeijua kazi yake hataona kuwa umemvunjia heshima. Anayekufokea kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Vinyozi wa London walichorewa mstari wao mwaka 1540, na bado mstari unachorwa upya kila kinapopatikana chombo kipya. Utaendelea kuchorwa. Tunachoomba ni kwamba siku unapochorwa, aliyelala mezani naye awe na mtu wa kumsemea, kwa sababu yeye amechomwa nusu kaputi na hawezi kusema.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.